Uchambuzi wa kisa: Kwa nini korona iliielemea Montréal-Nord

Kufikia mwishoni mwa Mei 2020, wilaya ya Montréal-Nord, iliyoko kaskazini mashariki mwa jiji la Montréal katika jimbo la Quebec, Kanada, ilikuwa na wagonjwa wa UVIKO-19 waliothibitishwa zaidi ya 2,000. Kwa sensa ya 2016 wilaya hiyo ilikuwa na wakazi 84,000 na ushei, maana yake ni kwamba zaidi ya watu wawili katika kila mia walikuwa wamekutwa na virusi, tena katika miezi ambayo kupata kipimo kwenyewe kulikuwa kwa tabu. Wakati huo Quebec peke yake ilikuwa na zaidi ya nusu ya wagonjwa na vifo vyote vya Kanada, Montréal ndiyo iliyoongoza Quebec, na ndani ya Montréal hapakuwa na wilaya iliyotajwa kila siku kwenye taarifa za afya kama Montréal-Nord. Ugonjwa ulioingia jimboni pamoja na wasafiri wa ndege, watu wenye uwezo wa kwenda mapumzikoni nje ya nchi, uliishiaje kuwalemea watu ambao wengi wao hawakuwa wamepanda ndege miaka mingi?

Majibu mawili ya haraka yalisikika sana wakati ule. La kwanza lilidai kwamba wakazi wa huko, kwa kuwa ni wahamiaji, hawakufuata masharti na waliendelea kukusanyika. La pili lilidai kwamba hawakuyaelewa matangazo ya serikali kwa sababu ya lugha. Jibu la kwanza silikubali hata kidogo, na sababu zangu nitazitoa. La pili lina ukweli kiasi, lakini ni ukweli mdogo uliotumiwa kufunika mkubwa zaidi. Ninavyoona mimi, Montréal-Nord iliumia kwa sababu ndiko walikokuwa wakiishi wengi wa watu waliokuwa wakiwaogesha, kuwalisha na kuwasafishia vyumba wazee wa jiji zima, na mfumo uliowatuma kazi hiyo haukujali walilala wapi, walisafiri vipi, wala walirudi nyumbani kwa nani.

Tuanze na mpangilio wa matukio, kwa sababu ndio unaobeba sehemu kubwa ya hoja. Mgonjwa wa kwanza wa Quebec alitangazwa tarehe 27 Februari 2020, naye alikuwa ametoka safarini. Wiki ya kwanza ya Machi shule za Montréal zilifungwa kwa mapumziko yao ya kila mwaka, kipindi ambacho familia nyingi za tabaka la kati husafiri kwenda Ulaya, Florida au visiwa vyenye joto. Waliporudi, virusi vilirudi nao. Tarehe 13 Machi serikali ya jimbo ilitangaza hali ya dharura ya kiafya. Maeneo ya Montréal yaliyotajwa kwanza kuwa na wagonjwa wengi yalikuwa magharibi mwa kisiwa cha Montréal, hasa Côte-Saint-Luc, mji wenye Wayahudi wengi ambao baadhi yao walikuwa wamerejea kutoka New York, na ambako sherehe za Purimu, sikukuu ya Kiyahudi, zilikuwa zimefanyika tarehe 9 na 10 Machi. Mamlaka ya afya ilijibu kwa kasi inayostahili sifa: kabla ya Machi kwisha kulikuwa na kituo cha kupimia katikati ya jiji, kwenye uwanja wa Place des Festivals, na kingine cha kupimiwa ndani ya gari huko huko Côte-Saint-Luc. Mwezi Aprili ugonjwa uliingia kwenye makao ya wazee na kuua kwa kiwango ambacho jimbo halikuwahi kukitazamia. Baada ya hapo, kuanzia mwishoni mwa Aprili, ndipo ramani ya jiji ilipoanza kuiva rangi upande wa kaskazini mashariki.

Huu mfuatano wa hatua tatu, yaani wasafiri, kisha makao ya wazee, kisha Montréal-Nord, si wa bahati. Ili kuuelewa ni lazima kujua Montréal-Nord ni mahali gani na watu wake walifikaje.

Ilikuwa mji unaojitegemea kuanzia mwaka 1915 hadi ilipounganishwa na jiji la Montréal tarehe 1 Januari 2002. Iko kando ya mto wa Rivière des Prairies, na eneo lake ni kama kilomita za mraba 11 tu. Mwaka 1951 ilikuwa na watu wapatao 14,000. Miaka ishirini baadaye walikuwa wamekaribia 90,000. Ongezeko la namna hiyo lilijengewa nyumba za haraka, na nyumba hizo zipo mpaka leo: majengo ya matofali ya ghorofa tatu yasiyo na lifti, yaliyobanana mtaa baada ya mtaa, hasa upande wa mashariki karibu na barabara za Rolland, Pascal na Lapierre. Waitaliano walikuwa miongoni mwa wahamiaji wa mwanzo. Baadaye walikuja Wahaiti, ambao hadi leo ndio jamii kubwa zaidi ya wahamiaji hapo, kisha Waaljeria, Wamoroko na watu wa Amerika ya Kilatini. Sensa ya 2016 ilionyesha kwamba takribani wakazi wawili katika kila watano walizaliwa nje ya Kanada. Ukipita barabara ya Henri-Bourassa utasikia Krioli ya Haiti, Kiarabu, Kihispania na Kiitaliano, lakini lugha inayowaunganisha wote, dukani, shuleni na kazini, ni Kifaransa.

Jambo hili la Kifaransa lina uzito katika kisa chetu. Kuna wilaya nyingine za Montréal zenye wahamiaji wengi na umaskini mkubwa ambako wakazi wengi huishia viwandani au kwenye maghala, kwa sababu kazi hizo haziulizi sana lugha. Kumhudumia mzee wa Quebec kunauliza lugha. Mzee anayesahau jina la binti yake hatajifunza Kiingereza akiwa na miaka 88. Anataka mtu atakayemwambia kwa Kifaransa kwamba ni saa ya kuoga. Mhaiti aliyesoma shule kwa Kifaransa, Mkongo, Mrundi, Mwaljeria, wote hao mlango wa kazi ya uhudumu wa wagonjwa uko wazi kwao kuliko milango mingine mingi. Wasomaji wenye ndugu Quebec, na hasa wale wa Bujumbura, Bukavu na Lubumbashi, wanajua jinsi kazi hii ilivyo ya kwanza kutajwa mtu anapofika na kuuliza aanzie wapi. Kwa hiyo wilaya yenye wahamiaji wengi wanaozungumza Kifaransa, yenye kodi za nyumba nafuu, iligeuka taratibu kuwa makazi ya nguvu kazi ya huduma za afya za ngazi ya chini, bila mtu yeyote kupanga iwe hivyo.

Kuanzia mwaka 2017 mkondo huo uliongezeka. Serikali ya Marekani ilipoanza kuashiria kwamba itasitisha ulinzi wa muda waliokuwa wamepewa Wahaiti baada ya tetemeko la 2010, maelfu walivuka mpaka kwa miguu kupitia barabara ya Roxham, kusini mwa Montréal, na kuomba hifadhi Kanada. Walikuwa wengi kiasi kwamba kiangazi hicho Uwanja wa Olimpiki wa Montréal ulitumika kuwalaza kwa muda. Mwomba hifadhi hupewa kibali cha kufanya kazi huku akisubiri kesi yake kusikilizwa, na kusubiri huko kunaweza kuchukua miaka. Wengi walifanya mafunzo mafupi ya uhudumu, wakajiandikisha kwa wakala wa ajira, na wakaanza kupangiwa zamu.

Hapa inafaa tuiangalie kazi yenyewe kwa karibu, maana wengi walioizungumzia mwaka 2020 hawakuwahi kuifanya. Mhudumu anaingia zamu ya asubuhi na kukabidhiwa orodha ya wazee wake. Anamwamsha wa kwanza, anamgeuza ubavu, anambadilisha nepi, anamfuta mwili kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, anamvalisha, anamshika chini ya kwapa na kumkalisha kwenye kiti cha magurudumu. Uso wake uko sentimita thelathini kutoka uso wa mzee. Mzee akikohoa, anakohoa usoni pake. Kisha anampeleka mezani, anamlisha kijiko kwa kijiko, kwa sababu wapo wanaosahau kumeza. Akimaliza huyo anaenda kwa wa pili, na kama wenzake wawili hawakufika kazini, orodha yake inaongezwa majina yao. Kazi ya aina hii haina mita mbili za kukaa mbali. Mwezi Machi na Aprili 2020 aliifanya mara nyingi kwa vifaa haba, kwa sababu barakoa na magauni ya kujikinga yalipelekwa hospitalini kwanza, ambako serikali ilitarajia wimbi la wagonjwa, na makao ya wazee yakabaki nyuma. Mchunguza vifo Géhane Kamel, ambaye uchunguzi wake kuhusu vifo vya kwenye makao hayo ulitolewa Mei 2022, alieleza wazi kwamba maandalizi yaliyaacha makao ya wazee nje ya macho ya waliokuwa wakipanga.

Kosa kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, lilikuwa kuwahamisha watu kutoka makao haya kwenda yale. Wafanyakazi wa wakala wa ajira hawakuwa na kituo kimoja. Jumatatu walitumwa makao ya Ahuntsic, Jumatano ya Saint-Léonard, mwisho wa wiki ya Laval, ng'ambo ya mto. Wengine waliajiriwa nusu nusu sehemu mbili kwa sababu hakuna sehemu moja iliyowapa saa za kutosha kulipa kodi. Jimbo la British Columbia, upande wa pili wa nchi, liliona hatari hiyo mapema: kabla ya Machi kwisha lilikuwa limeamuru kwamba mfanyakazi wa makao ya wazee afanye kazi kituo kimoja tu. Quebec haikufanya hivyo kwa wakati. Kadiri wahudumu walivyougua na wengine kuacha kazi kwa hofu, ndivyo waliobaki walivyozungushwa zaidi ili kuziba mapengo, na kila pengo lililozibwa lilifungua njia mpya kwa virusi. Hali ilizidi hadi serikali ya jimbo ikaomba wanajeshi, na zaidi ya askari elfu moja wakaingia kwenye makao ya wazee kufanya kazi ambazo kwa kawaida hufanywa na wahudumu wanaolipwa mshahara mdogo. Katika makao ya watu binafsi malipo yalikuwa yamekaribia sana kima cha chini cha jimbo, ambacho tarehe 1 Mei 2020 kilipandishwa kuwa dola 13.10 kwa saa.

Sasa mfuate mhudumu huyo akirudi nyumbani. Montréal-Nord haina kituo cha treni ya chini ya ardhi. Mkazi anapanda basi, kwa mfano la 48 au la 69, mpaka kituo cha Henri-Bourassa, au la 139 linaloshuka barabara ya Pie-IX, ndipo apate treni. Basi la mwendokasi la Pie-IX, mradi uliozungumzwa kwa miaka mingi, lilianza kazi Novemba 2022. Majira yale abiria wa Montréal walipungua sana kwa sababu wenye kazi za ofisini walibaki nyumbani na kompyuta zao. Mabasi ya alfajiri ya kaskazini mashariki yaliendelea kubeba watu wa zamu, nao walipandia mlango wa nyuma ili kumkinga dereva, wakikusanyika wote sehemu ile ile. Barakoa kwenye usafiri wa umma Quebec ililazimishwa tarehe 13 Julai 2020, wakati wimbi la kwanza lilikuwa limekwisha kupita.

Nyumbani anakuta nyumba ya vyumba vinne na nusu. Montréal hivyo ndivyo nyumba zinavyohesabiwa: vyumba viwili vya kulala, sebule na jiko ndivyo vinavyofanya nne, na bafu ndiyo nusu. Katika nusu hiyo moja kuna choo kimoja, sinki moja, na taulo za watu wote. Chukua mfano wa kaya ya watu sita, mama mhudumu, mume mlinzi wa usiku, watoto watatu, na bibi aliyekuja kusaidia malezi. Malezi ya bibi si desturi tu. Tangu Aprili 2018 serikali ya Quebec ilikuwa imewaondoa waomba hifadhi kwenye vituo vya kulelea watoto vyenye ruzuku, na gharama za vituo vingine hazilingani na mshahara wa namna hii. Maelekezo rasmi ya mwenye dalili yalikuwa ajitenge kwenye chumba chake, atumie bafu lake, na mtu mwingine amwekee chakula mlangoni. Maelekezo hayo yaliandikwa na mtu mwenye nyumba ya kutosha. Katika kaya ninayoisema, mama akijitenga chumba kimoja, watu watano wanabanana chumba kilichobaki na sebuleni, na bafu linabaki moja. Yeyote anayesema watu wa Montréal-Nord walikataa kujitenga anapaswa kwanza kueleza wangejitengea wapi.

Tena kujitenga kuna gharama. Serikali ya shirikisho ilianzisha malipo ya dharura ya dola 2,000 kwa wiki nne, na watu wengi waliokolewa nayo. Lakini masharti yalitaka mwombaji awe ameingiza angalau dola 5,000 mwaka 2019 au katika miezi kumi na miwili iliyotangulia, na aliyefika majuzi na kuanza kazi majuzi hakutimiza hilo. Mtu wa namna hiyo, akihisi koo linawasha asubuhi, alikuwa akipima mambo mawili, kodi ya mwezi na koo. Simlaumu aliyechagua kodi.

Kuna pingamizi linalostahili kujibiwa kwa uangalifu. Mtu anaweza kusema kwamba wagonjwa wengi wa Montréal-Nord walionekana kwa sababu tu wahudumu wa afya walipewa kipaumbele cha kupimwa, na kwamba wilaya nyingine zilikuwa na wagonjwa wengi wasiohesabiwa. Ni kweli kwamba idadi ya waliothibitishwa inategemea nani alipimwa. Ni kweli pia kwamba sehemu ya vifo vilivyoandikwa chini ya jina la wilaya hii ni vya wazee waliokuwa kwenye makao yaliyomo ndani ya mipaka yake, na si vya familia za wahudumu. Lakini pingamizi hilo linaishia kuunga mkono hoja yangu badala ya kuivunja. Ikiwa wilaya inaonekana nyekundu kwa sababu wahudumu wa afya ndio waliopimwa, basi huko ndiko wahudumu wa afya wanakoishi. Isitoshe, kwa wakazi wengine upungufu wa vipimo ulikuwa mbaya zaidi hapa kuliko kwingine. Kituo cha kupimiwa garini hakimsaidii asiye na gari, na cha katikati ya jiji kilimtaka mgonjwa apande basi na treni, jambo ambalo mgonjwa aliambiwa asilifanye.

Mamlaka ya afya ya jiji, chini ya daktari Mylène Drouin, ilibadilisha mwendo mwezi Mei. Mabasi ya shirika la usafiri la jiji yaligeuzwa kuwa vituo vya kupimia vinavyotembea na kuegeshwa mitaani, karibu na watu, bila miadi. Huo ulikuwa uamuzi mzuri, na ninausifu bila kusita, ila ulikuja zaidi ya mwezi mmoja baada ya Côte-Saint-Luc kupata kituo chake. Sidhani kulikuwa na nia mbaya. Nadhani ofisi ziliangalia ugonjwa kwa taasisi: makao fulani yana wagonjwa wangapi, hospitali fulani ina vitanda vingapi. Mhudumu alihesabiwa mahali alipoambukizwa kazini. Njia yake ya kurudi, basi, ngazi za ghorofa, watoto, bibi, haikuwa safu kwenye jedwali la mtu yeyote mpaka ramani ya mitaa ilipochapishwa.

Pengo hilo lilizibwa kwanza na watu wa hapo hapo, na historia yao inahitaji kutajwa. Tarehe 9 Agosti 2008, katika bustani ya Henri-Bourassa, polisi alimpiga risasi na kumuua Fredy Villanueva, kijana wa miaka 18 mwenye asili ya Honduras, ambaye hakuwa na silaha. Usiku uliofuata kulizuka ghasia. Katika miaka iliyofuata vijana wa wilaya walijijengea vyombo vyao vya kusema na kujisaidia, na mojawapo ni Hoodstock, shirika ambalo Will Prosper, mtengeneza filamu na mzaliwa wa jamii ya Wahaiti, ni miongoni mwa waanzilishi wake. Mwaka 2020 Hoodstock na vikundi vingine waligawa barakoa na vifaa vya usafi, wakatafuta kompyuta kwa familia ambazo watoto walitakiwa kusoma kwa intaneti na nyumbani hakuna, na wakawafikia watu kwa lugha zao. Hapa ndipo suala la lugha lina ukweli wake. Matangazo ya kila siku ya Waziri Mkuu wa jimbo François Legault, akiwa na mkurugenzi wa afya ya umma Horacio Arruda, kwa sehemu kubwa yalikuwa ya Kifaransa na yalisikilizwa na wengi. Mzee wa Kihaiti aliyezoea Krioli, au mama anayezungumza Kihispania aliyefika mwaka mmoja nyuma, hakuyapata yote. Lakini mhudumu aliyekuwa akiugua alikuwa akizungumza Kifaransa kutwa nzima kazini. Hakuhitaji kutafsiriwa hatari. Alikuwa ameishika kwa mikono.

Katika majira hayo hayo swali la takwimu liliibuka. Watafiti na viongozi wa jamii waliomba Quebec ikusanye takwimu za wagonjwa kwa kuzingatia rangi na asili, kama ilivyozoeleka Marekani na Uingereza. Mwanzoni mwa Mei ilionekana kwamba serikali ingekubali, kisha ikarudi nyuma. Naelewa woga wa takwimu kutumiwa kuwanyooshea watu vidole; woga huo una historia ndefu. Hata hivyo katika kisa hiki wakazi walikuwa tayari wananyooshewa vidole bila takwimu. Kilichokosekana ni ushahidi wa kuwatetea. Kama kungekuwa na orodha rasmi inayoonyesha mgonjwa anaishi wapi, anafanya kazi gani, na ametumwa vituo vingapi, dai la uzembe lingekufa siku ya kwanza.

Mjadala kuhusu waomba hifadhi ulichukua nafasi kubwa kuanzia Mei. Legault alikuwa akiwaita wahudumu malaika walinzi katika hotuba zake, na watu wakauliza malaika hao watafukuzwa nchini lini. Katikati ya Mei chama tawala kilikataa hoja bungeni ya kutambua mchango wao; kabla mwezi haujaisha serikali ilikuwa imelegeza msimamo na kuahidi kutazama upya. Tarehe 14 Agosti 2020 waziri wa uhamiaji wa shirikisho, Marco Mendicino, alitangaza mpango maalumu wa ukaazi wa kudumu. Mwombaji alitakiwa awe ameomba hifadhi kabla ya tarehe 13 Machi 2020, awe amefanya angalau saa 120 za kazi ya afya kati ya tarehe hiyo na siku ya tangazo, na awe ametimiza miezi sita ya uzoefu kufikia tarehe 31 Agosti 2021. Maombi yalipokelewa kuanzia Desemba 2020 hadi siku hiyo ya mwisho. Kwa familia nyingi huu ulikuwa ukombozi wa kweli, na waliopata hati zao hawakukosea kushangilia.

Mpango huo ulihusu wale tu waliotoa huduma moja kwa moja kwa mgonjwa, na Quebec, yenye kauli katika kuteua wahamiaji wake, ilisimamia mpaka huo. Mfanya usafi aliyepiga deki chumba cha mzee mwenye korona na kubeba nepi zake hakuhesabiwa. Mlinzi wa mlangoni hakuhesabiwa, wala mpishi wa jikoni la makao yale yale. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba mpango ulikuwa wa kipekee na lazima uwe na ukomo. Lakini uchambuzi wa namna ugonjwa ulivyosafiri hauungi mkono ukomo huo. Virusi havikutofautisha aliyemgeuza mzee kitandani na aliyefuta reli za kitanda hicho dakika tano baadaye. Wote wawili walipanda basi lile lile la Henri-Bourassa na kurudi kwenye majengo yale yale ya ghorofa tatu. Mmoja alijaza fomu za ukaazi wa kudumu, na mwingine akabaki akisubiri tarehe ya kusikilizwa kwa ombi lake la hifadhi, kwenye foleni aliyokuwamo kabla ya Machi 2020.